Kumfuata Storm katika krosova za zamani za X-Men: uanzie wapi, usome nini, uruke nini

Maswali ni yale yale, yanabadilisha nguo tu. "Nimempenda Storm kwenye filamu, nianze na komiki ipi?" "Nimenunua toleo moja, mbona hana nguvu?" "Hapa wameandika sehemu ya tatu, ya kwanza iko wapi?" "Kwani ni mtoto au mtu mzima?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi leo naandika yote pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mimi mwenyewe niliingilia mlango wa nyuma. Komiki yangu ya kwanza ya X-Men, lile kundi la mashujaa wa kampuni ya Marvel, niliinunua kwa wale wachuuzi wa inama bookshop jijini Nairobi, vitabu vimetandazwa chini, unainama unachagua. Haikuwa na jalada. Niliisoma mara tatu nisielewe nani anampiga nani na kwa nini. Baadaye sana nikagundua nilikuwa nimeshika sehemu ya sita ya hadithi yenye sehemu tisa, tena zimegawanywa katika majarida matatu tofauti.

Hiyo ndiyo krosova: hadithi moja inakatwa vipande, kila kipande kinatiwa kwenye jarida lake, na anayetaka kujua mwisho inambidi ayanunue yote. Ilikuwa biashara, na biashara ilikwenda vizuri. Ila wewe leo hulazimiki kununua kila kipande. Kanuni yangu ni moja na utaiona katika kila hatua hapa chini: fuata mtu, usifuate tukio. Kama Storm hayumo kwenye kipande, au yumo lakini hakimbadilishi chochote, kiruke bila kujuta.

Machache kumhusu, kisha tuendelee

Storm ni Ororo Munroe, mutanti (mtu aliyezaliwa na uwezo usio wa kawaida) anayetawala hali ya hewa. Alitokea mara ya kwanza katika Giant-Size X-Men #1 ya mwaka 1975, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Baada ya hapo Chris Claremont alimwandika kwa miaka 16 mfululizo, na ndiye aliyemfanya awe huyu tunayemjua. Baba yake ni mpiga picha wa habari Mmarekani, mama yake N'Daré ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Alizaliwa New York, akalelewa Cairo, wazazi wakafa nyumba ilipoangukiwa na ndege, yeye akabaki amefukiwa kwenye kifusi karibu na maiti ya mama yake. Ndiyo maana mpaka leo hawezi kukaa mahali pafinyu. Akawa mchomoaji wa pochi mitaani Cairo, kisha akashuka kwa miguu mpaka huku kwetu, na Profesa X, mwanzilishi wa X-Men, alipomfuata Kenya alimkuta watu wanamwita mungu wa mvua.

Usiulize ufalme gani wa Kenya. Waandishi walikuwa New York. Jina "Ororo" wanasema maana yake ni uzuri. Msomaji wa Kiswahili masikio yake yatasikia "-ororo", kitu laini kisichokwaruza. Ukifika toleo lile anapomchoma mwenzake kisu, likumbuke jina hilo.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

Daftari na kalamu. Nasema kweli, si mapambo. Utaona kwenye hatua ya pili.

Njia moja ya kusomea, na uchague moja. Ya kwanza ni Marvel Unlimited, usajili wa kidijitali ambao una karibu kila kitu nilichokitaja hapa. Hakikisha kwanza unapatikana ulipo na kadi yako inakubalika, na pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa sababu kurasa hizi zinakula bando. Ya pili ni vitabu vya mkusanyiko: Epic Collection ni vyepesi na vinafuata mpangilio wa miaka, Omnibus ni matofali ya kusomea mezani, na Essential ni za zamani za rangi nyeusi na nyeupe ambazo mara nyingine hupatikana mtumba kwa bei nzuri. Ya tatu ni matoleo halisi ya wakati ule. Hiyo ni ya mwenye subira na mfuko.

Kioo kikubwa kidogo kama unasoma kidijitali. Claremont alikuwa anaandika maneno mengi mno ndani ya kila fremu, na kwenye simu ndogo utaumiza macho kabla hujaumizwa na hadithi.

Mwisho, tovuti ya Grand Comics Database. Ni orodha ya matoleo, tarehe zake na mara nyingi yaliyomo ndani. Kazi yake kwetu ni moja: kukuambia kama Ororo yumo kabla hujatoa hela.

Hatua kwa hatua

1. Chagua barabara kuu, ushikamane nayo. Barabara yetu ni jarida moja, The Uncanny X-Men. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa siku ya kwanza, kwa sababu jina lenyewe lina historia. Jarida lilianza mwaka 1963 likiitwa X-Men tu. Neno "Uncanny" lilitua kwenye jalada mwaka 1978, toleo la 114, lakini namba hazikuanza upya; #113 na #114 ni jarida lile lile. Halafu mwaka 1991 likaanzishwa jarida jingine jipya kabisa, nalo likaitwa X-Men, nalo likaanza na #1. Hilo #1 liliuzwa nakala zaidi ya milioni nane, kwa hiyo limejaa kila mahali na ndilo utakalouziwa ukisema "nipe X-Men ya kwanza". Si mwanzo wa Storm. Kila unapoandika toleo kwenye daftari andika vitu vitatu: jina, namba, mwaka. Vitatu, kila mara.

   Kosa jingine la hapa: Classic X-Men, iliyoanza 1986. Ni marudio ya matoleo ya zamani, na humo wameongeza kurasa ambazo hazikuwepo mwanzoni. Ni nzuri, lakini ukizichanganya na za asili utadhani umekosa kitu.

2. Fungua ukurasa wa hali. Gawa ukurasa wa daftari safu nne: nywele, nguvu, cheo, umri. Unacheka, lakini karibu kila aliyeniuliza "hii inaingia wapi?" amejijibu mwenyewe kwa safu hizi. Nywele ndefu mpaka #172. Kiduku kuanzia #173, mwaka 1983, alipokuwa Japani akaamua kuachana na yule mungu wa zamani mpaka kwenye mavazi, akavaa ngozi nyeusi. Nguvu anazo mpaka #185, hana mpaka #226. Kiongozi wa X-Men baada ya Cyclops kuondoka #138. Mtu mzima mpaka #248, kisha mtoto, kisha mtu mzima tena.

   Ukiokota komiki isiyo na jalada na ndani kuna Storm mwenye kiduku anayerusha radi, tayari unajua uko kati ya #173 na #185. Ukimwona na kiduku na anapigana kwa ngumi, umevuka #185.

3. Soma kwanza vipande vya barabara kuu, kabla ya krosova yoyote. Si lazima matoleo yote mia na ushee. Giant-Size #1, kisha #102 ambamo kisa cha kifusi cha Cairo kinasimuliwa, kisha #117 ambamo Profesa X akiwa kijana anaibiwa pochi Cairo na kitoto chenye nywele nyeupe. Ukipenda, ongeza Marvel Team-Up #100, mwishoni mna kisa kifupi cha Ororo na Black Panther walivyokutana utotoni.

   Halafu #170. Hili lisome polepole. Morlock ni watu waliokimbilia mahandaki chini ya Manhattan kwa sababu sura zao haziwaruhusu kuishi juu. Wamewateka wenzake Ororo. Kiongozi wao, Callisto, anasema njia ni moja: pambano la visu mpaka kufa, mshindi atawale. Ororo ni mgonjwa, ana homa, yuko chini ya ardhi ambako pumzi humkata, na aliapa zamani kutoua. Anakishika kisu. Anamchoma. Callisto anaponywa na mganga wao, na Ororo anakuwa kiongozi wa Morlock kwa haki ya sheria yao. Kisha anapanda juu na kwenda zake, anamwachia Callisto mambo ya huko.

   Weka alama hapo. Deni hilo litadaiwa miaka mitatu baadaye.

4. Krosova ya kwanza: Secret Wars, na mtego wa tarehe. Matoleo 12, Mei 1984 mpaka Aprili 1985, mwandishi Jim Shooter. Mashujaa wanachukuliwa kutoka Duniani na kupelekwa sayari ya mbali kupigana. Tafuta ile ya 1984. Kuna Secret Wars II na kuna nyingine ya 2015 yenye jina lile lile.

   Sasa sikiliza vizuri. Mwisho wa Uncanny #180 wanatoweka. Mwanzo wa #181, mwezi uliofuata, wamesharudi, wameangukia Tokyo. Kwa hiyo Secret Wars yote kumi na mbili inaingia kwenye upenyo kati ya #180 na #181. Lakini madukani ilichukua mwaka mzima kutoka. Kwenye matoleo yenye tarehe ya Septemba 1984 ungekuta Ororo wawili rafu moja: kwenye Uncanny #185 anapoteza nguvu zake, na kwenye Secret Wars #5 bado anazo, kwa sababu hadithi ile ilitokea kabla. Hakuna aliyekosea. Ukipanga kwa mwezi ulioandikwa kwenye jalada utachanganyikiwa. Panga kwa matukio.

   Usome yote 12? Kwa ajili ya Ororo, la. Anachokipata humo ni kuudhika: yeye ndiye kiongozi wa X-Men, Profesa X anafika na kutwaa uongozi kana kwamba yeye hayupo. Soma mbili tatu za mwanzo uone hilo, uendelee na njia yako. Mimi nilizimaliza zote, na sikumbuki nusu yake.

5. Miaka bila nguvu. Hii si krosova, ila usiposoma hapa krosova tatu zinazofuata hazitakuwa na uzito. #185: serikali ina silaha ya kuzima uwezo wa mutanti, inalengwa kwa Rogue, mmoja wa X-Men, inampata Ororo. #186, michoro ya Barry Windsor-Smith: anauguzwa nyumbani kwa mtu anayeitwa Forge, wanaanza kupendana, kisha anagundua kwamba Forge ndiye aliyeiunda silaha ile. Karibu yote ni watu wawili tu nyumbani, na kwangu ni toleo bora kuliko yote niliyoyataja. #198 ni mwendelezo wake, mchoraji yule yule, Ororo amerudi Afrika akitembea kwa miguu.

   Kisha krosova ndogo ambayo watu huisahau kwa sababu iko nje ya namba za kawaida: New Mutants Special Edition #1 na X-Men Annual #9, zote 1985. Loki anampa Ororo nyundo na uwezo wa radi, anataka kumfanya kibaraka wake badala ya Thor. Soma kwa mpangilio huo huo niliouandika, na uzimalize kabla ya #201. Kwenye #201 anapambana na Cyclops, nani aongoze X-Men. Hana nguvu yoyote. Anashinda.

6. Mutant Massacre, 1986. Hapa deni la #170 linadaiwa. Kundi la wauaji linaingia mahandakini na kuwachinja Morlock, wale wale aliopaswa kuwaongoza. Ororo anashuka tena kule chini, safari hii bila radi wala upepo.

   Kwenye karatasi krosova hii imetapakaa: Uncanny #210 hadi #213, X-Factor #9 hadi #11, New Mutants #46, Thor #373 na #374, Power Pack #27. Usishangae Thor kuingia humo. Mwandishi wake Walter Simonson ni mume wa Louise Simonson, aliyekuwa anaandika X-Factor na Power Pack. Kwa ajili ya Ororo unahitaji nne za Uncanny tu. New Mutants #46, jarida la wanafunzi wa Profesa X, ni nyongeza nzuri, majeruhi wamelazwa shuleni kwao. Ukitaka kujua yaliyompata Angel, mmoja wa X-Factor, na mabawa yake, soma X-Factor #10 na zile mbili za Thor, lakini hicho ni kisa chake yeye.

   Kosa la kawaida: kungoja X-Men na X-Factor (kundi la wale X-Men wa kwanza kabisa) wakutane. Hawakutani. Makundi mawili yako kwenye mahandaki yale yale, usiku ule ule, na yanapishana. Mpaka hapo Ororo hajui kwamba rafiki yake Jean Grey yu hai. Kama umeshasoma X-Factor unajua asichokijua, na ladha inakuwa nyingine.

7. Fall of the Mutants, 1988. Tatu tu. Jina moja, hadithi tatu zisizogusana: Uncanny #225 hadi #227, X-Factor #24 hadi #26, New Mutants #59 hadi #61. Soma za Uncanny, hizo nyingine ziache. Usiingie kichwakichwa kununua kila jarida lenye jina la krosova hii. Kwa mfano Hulk #340 ni pambano safi la Hulk na Wolverine, lakini Ororo hutamwona.

   Ndani yake: X-Men wako Dallas, mji umevurugika, na mtangazaji wa kweli wa redio ya Marekani, Neal Conan, amechorwa akiripoti. Wakati huo Ororo na Forge wamefungiwa katika dunia tupu ambako mwaka mzima unapita. Forge anauvunja mguu wake wa bandia atengeneze chombo cha kumrudishia nguvu. Sogea kwenye safu ya pili ya daftari lako: #226, nguvu zimerudi. Mwisho wa #227 X-Men wanakufa mbele ya kamera na kufufuliwa kwa siri, wakaenda kuishi Australia, na dunia nzima inaamini wamekufa.

8. Inferno, 1988 hadi 1989. Pita haraka. Mashetani New York, na ugomvi wa Madelyne Pryor, mke wa Cyclops, na Jean Grey. Ororo yumo lakini hadithi si yake. Soma Uncanny #239 mpaka #241, kisha mwisho wake kwa mpangilio huu bila kubadilisha: Uncanny #242, X-Factor #38, Uncanny #243, X-Factor #39. Ukisoma #242 na #243 mfululizo utaruka pambano kuu. Vipande vya Spider-Man na wengineo vyenye jina hili viache rafuni.

9. Kifo ambacho si kifo, kisha X-Tinction Agenda. #248, mwaka 1989, toleo la kwanza la Jim Lee kuchora X-Men: mwenzake Havok anakosea shabaha na Ororo anakufa. Ndivyo wanavyodhani. #253 anaonekana msichana mdogo mwenye nywele nyeupe, hana kumbukumbu, yuko Cairo. Tahadhari: si Cairo ya Misri. Ni Cairo ya jimbo la Illinois, Marekani, mji mdogo panapokutana mito Mississippi na Ohio. Claremont alijua anachokifanya. Mtoto amerudi kuwa mwizi katika mji wenye jina lile lile. Nilidhani nimesoma vibaya.

   Katikati hapo haonekani sana. Ruka mpaka #265, #266 na #267. Kwenye #266 ndimo Gambit, shujaa mwingine maarufu wa X-Men, anamotokea, ndiyo maana toleo hilo lina bei ya kukata pumzi. Lisome kidijitali.

   Kisha X-Tinction Agenda, Novemba 1990 hadi Januari 1991. Hii ndiyo krosova pekee katika orodha yangu ambayo husomi nusu. Sehemu tisa, moja inaanzia palepale nyingine ilipokatika:

   Uncanny #270, New Mutants #95, X-Factor #60,
   Uncanny #271, New Mutants #96, X-Factor #61,
   Uncanny #272, New Mutants #97, X-Factor #62.

   Mahali ni Genosha, kisiwa cha kubuni kilichowekwa kwenye bahari yetu, pwani ya mashariki ya Afrika, kaskazini mwa Madagascar. Nchi tajiri, safi, na utajiri wote unatokana na mutanti waliofanywa watumwa, wamenyolewa vipara na kupewa namba badala ya majina. Iliandikwa wakati Afrika Kusini ingali chini ya ubaguzi wa rangi, na huhitaji mtu akueleze. Ororo anatekwa akiwa mtoto, anageuzwa mtumwa, na kabla krosova haijaisha amerudi mtu mzima na kumbukumbu zake. Jaza safu ya nne.

10. Pumzika hapo. Mwaka 1991 Claremont aliondoka, na krosova zilizofuata ni za aina nyingine. X-Cutioner's Song ya 1992 ina sehemu 12 katika majarida manne, na Ororo ni mmoja tu kati ya wengi. Age of Apocalypse ya 1995 inabadilisha dunia nzima. Yeye utamkuta Amazing X-Men, matoleo manne. Na kama unapenda ugomvi wa vijiweni, tafuta ile ya 1996 ya Marvel na DC, ambamo wasomaji walipiga kura nani ashinde: Storm alimwangusha Wonder Woman. Nne tu, lakini angalia jina: #1 na #4 zinaitwa DC versus Marvel, #2 na #3 zinaitwa Marvel versus DC. Ni mfululizo mmoja.

Ukikwama

*Kuna nyota ndogo kwenye maneno na kisanduku chini.* Huyo ni mhariri anakuambia tukio linalotajwa lilitokea toleo gani. Andika namba, usikimbilie kulitafuta. Ukiyafuata yote hutamaliza hata jarida moja. Likitajwa mara tatu katika matoleo tofauti, hapo sasa litafute.

*Nimekosa kipande cha katikati.* Endelea mbele. Wakati ule walijua wasomaji wengi hukosa toleo, kwa hiyo kurasa za mwanzo za kila jarida hurudia yaliyopita, hata kwa kukera. Isipokuwa X-Tinction Agenda. Kwa hiyo usianze mpaka uwe nazo zote tisa.

*Nyuso zimebadilika, simjui nani ni nani.* Mchoraji amebadilika kwa sababu jarida limebadilika. Katika krosova usimtambue mtu kwa sura, mtambue kwa mavazi na namna anavyosema. Ororo ni rahisi: husema kwa heshima na kwa sentensi zilizonyooka, na akishtuka humwita mungu wake wa kike.

*Komiki inasema tukio lilitokea mwaka mwingine na nilivyosoma kwingine.* Mwanzoni ndege iliyoua wazazi wake ilikuwa ya vita vya Suez, 1956. Kadiri miaka inavyokwenda waandishi huliacha hilo lififie, la sivyo Ororo angekuwa bibi. Usihesabu umri wake.

*Muuzaji anasema toleo ni la asili, mimi nina shaka. Au: halina jalada, sijui ni nini.* Dawa ni moja. Fungua ukurasa wa kwanza, tazama chini kabisa, pana maandishi madogo kama ya mchwa. Humo mna jina rasmi la jarida, namba, mwezi na mwaka. Jalada huchanika, ukurasa wa kwanza aghalabu hubaki. Ndivyo nilivyoijua ile yangu ya inama bookshop, miaka kadhaa baada ya kuinunua, kwa tochi ya simu: X-Factor #61, Desemba 1990. Niliipigia mstari kwenye orodha ya tisa, nikaanza kutafuta nane zilizobaki.